Kuchagua Mazingira ya Kuandikia Programu kwa Darasa la Shule ya Msingi

Mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kuwafundisha watoto kuandika programu za kompyuta huanza, karibu kila mara, kwa kuuliza: ni lugha ipi ya kompyuta iliyo bora kwa watoto? Swali hili ni la haki, lakini limekaa upande. Mtoto hakutani na lugha ya kompyuta ikiwa uchi. Hukutana nayo ndani ya dirisha lenye vitufe na rangi, lenye mahali pa kuandikia na mahali pa kutazamia majibu, na lenye maneno ya kumkemea anapokosea. Dirisha hilo ndilo tutakaloliita mazingira ya kuandikia programu. Makala haya yanakusudia kuyalinganisha mazingira matatu, yaani Scratch, Thonny na yale yanayoizunguka lugha ya Nuru, kwa macho ya mwalimu wa shule ya msingi katika mkoa wa Katavi. Fundi wa kompyuta wa mjini atakuwa na ulinganisho wake, nao huenda usifanane na wetu hata kidogo.

Maana ya mazingira fungamano

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya maneno. Ili programu ifanye kazi, mwandishi huhitaji chombo cha kuandikia na kuhariri maagizo. Chombo cha kuyafasiri maagizo hayo ili mashine iyatekeleze. Mahali pa kuona matokeo. Na njia ya kutafutia kasoro. Zamani vyombo hivi vilikuwa mbalimbali. Mtu aliandika katika programu moja, akatoka, akaita nyingine ifasiri, akasoma orodha ya makosa, akarudi tena kule alikotoka kutafuta mstari wenye kosa. Mazingira fungamano ni pale vyombo vyote hivyo vinapowekwa chini ya paa moja, kama vile meza ya seremala ilivyo na randa, patasi na kipimo mahali ambapo mkono unafika bila ya fundi kuinuka.

Wazo hili si geni. Lugha ya BASIC, iliyotungwa katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani mwaka 1964, ilikusudiwa wanafunzi wasio wa sayansi, na mtu aliweza kuandika na kupata jibu papo hapo. Mwaka 1967 ikafuata Logo, ambayo Seymour Papert na wenzake waliibuni kwa ajili ya watoto. Lakini mfano ulioonyesha nguvu ya kufungamanisha vyombo ulikuwa Turbo Pascal ya mwaka 1983. Iliuzwa kwa bei isiyofika dola 50, ilienea ndani ya diski moja, na mwandishi alipokosea ilimpeleka moja kwa moja mpaka mahali penye kosa. Pascal yenyewe ilikuwapo tangu mwaka 1970. Kilichobadilika ni meza ya kufanyia kazi, na meza hiyo ndiyo iliyowavuta wanafunzi wengi duniani.

Sisi katika Tanzania hatukuipitia hatua hiyo shuleni. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na ingawa katazo hilo lililegezwa baadaye, miaka ambayo watoto wa kwingineko walikuwa wakicheza na BASIC na Logo ilitupita. Kwa hiyo walimu wetu wengi walikutana na kompyuta kwa mara ya kwanza kama chombo cha kuchapia barua na mitihani. Si ajabu basi kwamba wengi wao hudhani kufundisha kompyuta ni kufundisha kuchapa.

Hali ya darasa letu

Hapana budi ulinganisho uanze na darasa lenyewe. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda, mji ambao tawi la reli kutoka Kaliua lilifikishwa katika siku za ukoloni kwa sababu ya madini ya risasi. Kwa miaka mingi umeme wa mji huu ulitoka katika mitambo ya dizeli isiyounganishwa na gridi ya taifa, na shule za vijijini zilizopata umeme wa jua hulazimika kuhesabu saa za betri. Mwalimu wa huku hawezi kuchagua zana inayodai intaneti kila inapofunguliwa. Chochote asichoweza kukibeba katika kijiti cha kumbukumbu na kukisakinisha bila mtandao, hata kikisifiwa namna gani, si zana yake.

Jambo la pili ni lugha. Katika shule za msingi za Serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili. Lakini katika Katavi Kiswahili chenyewe mara nyingi ni lugha ya pili. Nyumbani mtoto huyu husikia Kipimbwe, Kibende au Kikonongo. Mwingine husikia Kisukuma, maana wafugaji na wakulima wengi wamehamia huku. Na katika Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya familia zilizokimbia Burundi baada ya machafuko ya mwaka 1972, wako watoto ambao bibi zao bado huwahadithia kwa Kirundi. Kwa mtoto wa namna hiyo Kiingereza ni lugha ya tatu. Mwalimu na aliweke jambo hili mbele anapoyasoma yafuatayo.

Tatizo moja, meza tatu

Njia iliyo salama ya kulinganisha zana ni kuzipa kazi moja. Tuchukue kazi ambayo kila mwalimu wa Darasa la V anaijua: kuandika jedwali la kuzidisha la 7, kuanzia 7 mara 1 hadi 7 mara 10. Kazi hii ina marudio, ina kitu kinachobadilika kila mara, na mtoto analijua jibu kabla ya mashine. Hilo la mwisho ni la maana sana, kwa sababu mtoto anayejua jibu anaweza kuisahihisha kompyuta.

Scratch ilitolewa mwaka 2007 na Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Ndani yake mtoto haandiki maagizo kwa herufi, bali huyaunganisha matofali yenye rangi, kila tofali likiwa na agizo moja. Tofali la kurudia lina mdomo, na matofali mengine huingia ndani yake. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za Scratch, na mwalimu hukichagua kwa alama ya tufe iliyo juu ya dirisha. Uzuri mkubwa wa meza hii ni kwamba makosa ya sarufi hayawezekani: tofali lisilostahili mahali fulani halikai. Mtoto atazungusha hesabu ya 7 mara 10 kwa tofali la kurudia, tofali la kuongeza, na tofali la kusema, naye paka wa Scratch atayataja majibu.

Lakini yafaa tusidanganyike. Makosa ya sarufi yakitoweka, makosa ya fikra hubaki, na Scratch huyanyamazia. Mtoto akisahau kuongeza 1 kila mzunguko, paka atasema 7 mara kumi bila ya kulalamika. Hakuna onyo, wala hakuna chombo cha kuipeleka programu hatua moja moja ili aone ilipopotoka. Kimya hicho kina faida kwa mwalimu hodari, maana humlazimu mtoto kufikiri. Kwa mwalimu asiyejiandaa ni shimo. Kuna pia vishawishi. Watoto wa Mpanda wakiambiwa wanaweza kumbadilisha paka awe kiboko, kama wale wanaojazana katika mto Katuma wakati wa kiangazi, kipindi kizima kitakwisha wakichora kiboko. Kiboko na achorwe, ila siku yake ipangwe katika azimio la kazi. Mwisho, toleo la tatu la Scratch, lililotoka mwaka 2019, likisakinishwa katika kompyuta za Windows hudai Windows 10 au mpya kuliko hiyo. Mashine kuukuu za msaada zilizo katika shule nyingi haziliwezi, na mwalimu hana budi kutumia matoleo ya zamani.

Thonny ni meza ya lugha ya Python. Ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Tartu, nchini Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Ukiisakinisha unapata na Python yenyewe ndani yake, jambo linalomwondolea mwalimu taabu ya kuunganisha vitu viwili. Jedwali letu katika Python ni mistari miwili tu:

for i in range(1, 11):
    print(7 * i)

Kinachoitofautisha Thonny na meza nyingine za Python ni namna inavyoipeleka programu polepole. Mwalimu akibonyeza kitufe cha hatua, Thonny huonyesha 7 * i, kisha mahali pa i huandikwa 3, kisha mahali pa hesabu nzima huandikwa 21. Pembeni kuna jedwali la majina na thamani zake, nalo hubadilika kadiri programu inavyokwenda. Mwalimu wa Hisabati atatambua mara moja kwamba hii ndiyo njia yake ya ubaoni: andika fungu la hesabu, weka namba mahali pa herufi, tafuta jibu, mstari chini ya mstari. Kwa maoni yangu hakuna kitu katika zana zote tatu chenye thamani kubwa zaidi kwa mwalimu wa shule ya msingi. Watoto wengi hushindwa aljebra baadaye kwa sababu hawakuwahi kuiona herufi ikishika namba, ikaiachia, na kushika nyingine.

Tabu ya Thonny ni maneno ya Python. Mtoto akisahau nukta mbili mwishoni mwa mstari wa kwanza, atajibiwa "SyntaxError: expected ':'". Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021 Python imekuwa na ufafanuzi bora zaidi. Hapo kabla ingesema tu kwamba sarufi si sahihi. Hata hivyo ufafanuzi huo umo katika Kiingereza. Mtoto wa Mishamo atatazama maandishi mekundu, atanyoosha mkono, na kumngoja mwalimu.

Meza ya tatu ni ya nyumbani. Nuru ni lugha ya kompyuta iliyotungwa na Watanzania katika miaka hii ya 2020, na maagizo yake ni ya Kiswahili. Jedwali la 7 huandikwa hivi:

fanya i = 1
wakati (i <= 10) {
    andika(7 * i)
    i++
}

Mtoto anayejua kusoma ataweza kuikisia maana yake kabla ya kufundishwa. Akikosea jina, Nuru humwarifu kwa Kiswahili kwamba neno halifahamiki, na kumtajia mstari. Lakini Nuru ni lugha changa. Vitabu vyake ni vichache, na haina meza yake iliyokamilika kama Thonny. Mtu huiendesha katika dirisha jeusi la amri, au huongeza kiungo chake katika Visual Studio Code, mazingira ya Microsoft yaliyotolewa mwaka 2015 kwa ajili ya watu wazima wa kazi hiyo. Mwalimu anayefikiria kuwapeleka watoto katika Visual Studio Code ajue kwamba kuna menyu nyingi kuliko dakika za kipindi.

Kwa hiyo hali ni hii: Scratch ina ulimi wetu na meza nzuri, lakini hainyooshi kidole penye kosa, Thonny ina meza bora kabisa, lakini ulimi wake ni wa kigeni, Nuru ina ulimi, lakini meza bado inachongwa.

Hoja ya wanaopinga

Wako wenzetu watakaosema kuwa kumfundisha mtoto Nuru, au kumtafsiria Python, ni kumchelewesha, kwa kuwa kazi za dunia hufanyika katika lugha zenye maneno ya Kiingereza. Watatukumbusha kwamba Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari mwaka 2022, na kwamba hatupaswi kubaki nyuma. Hoja hii ina uzito na haifai kubezwa.

Hata hivyo yafaa ichunguzwe ni Kiingereza gani hasa kinachomzuia mtoto. Python ina maneno maalumu 35 tu. Mtoto hujifunza for na if kama anavyojifunza alama ya kujumlisha, bila kuuliza ilitoka katika lugha gani. Mzigo haumo humo. Mzigo umo katika sentensi nzima ambazo mashine humwambia anapokosea, na anayeanza hukosea karibu kila dakika. Katika darasa la watoto 80 wenye kompyuta 10, kila ujumbe usiosomeka humwita mwalimu, naye mwalimu ni mmoja. Baada ya wiki mbili watoto wachache wenye Kiingereza cha nyumbani wanaendelea, na waliobaki wamekwisha kuamua kimoyomoyo kwamba kompyuta si yao. Uamuzi huo mtoto huufanya mapema, wala hamwarifu mtu.

Kwa hiyo tunu ya Nuru, nionavyo mimi, si neno andika badala ya print. Ni kule kulalamika kwa Kiswahili. Na tunu hiyo mwalimu anaweza kuihamishia Thonny kwa karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito. Aandike upande wa kushoto aina za makosa ambazo watoto hukutana nazo zaidi, kama SyntaxError, NameError, IndentationError na TypeError, na upande wa kulia maana yake na cha kufanya: "Jina hili sijaliona kabla, tazama herufi zake." "Mstari huu haukuingizwa ndani inavyopasa, hesabu nafasi." Chati hiyo itundikwe ukutani, na mtoto asiruhusiwe kunyoosha mkono kabla ya kuisoma.

Istilahi zisitutishe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na wakati huo pia walikuwako waliosema maneno hayatatosha. Yalitosha. Sisi wenyewe bado tunabishana kama mashine iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na mabishano hayo hayajamzuia mtu kuiwasha.

Somo lenyewe linavyoweza kuendeshwa

Tuchukulie darasa lililotajwa, watoto 80 na kompyuta 10, katika vipindi viwili vinavyofuatana. Nusu ya kwanza mashine zisiwashwe kabisa. Mwalimu awe amekata vipande vya maboksi na kuandika juu yake maagizo ya Kiswahili: "rudia mara 10", "ongeza 1", "zidisha kwa 7", "sema jibu". Watoto wanane wanane wapange vipande hivyo sakafuni, na mmoja awe mashine: afanye tu anachoambiwa na kipande, hata kama ni upuuzi. Mwingine ashike kibao cha kuandikia chenye herufi i, na afute na kuandika namba mpya kila inapoongezwa. Papert aliwafanya watoto watembee kama kobe wa Logo kwa sababu hiyo hiyo: mwili ukiitenda kazi, akili haihangaiki sana baadaye.

Ndipo kompyuta ziwashwe, kila moja na kundi lake, na Thonny ifunguliwe ikiwa na ile mistari miwili, ila mwalimu awe ameondoa nukta mbili kwa makusudi. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, kila kundi liandike daftarini litakachokiona. Kisha libonyeze. Kosa litatokea katika kompyuta zote kwa wakati mmoja, na mwalimu hatahitaji kukimbia huku na huku. Ataielekeza fimbo yake kwenye chati. Wakiisha kurekebisha, waende hatua moja moja hadi i inaposhika 4, wasimame, na kila mtoto aandike mashine itafanya nini baadaye. Ajabu ya zoezi hili ni jinsi watoto wasiopenda Hisabati wanavyobishana juu ya namba itakayofuata.

Katika kundi la watoto wanane kuna hatari ya mmoja kuishika kipanya mpaka kengele. Ni afadhali kazi zigawanywe: mmoja achape, mmoja asome ujumbe kwa sauti, mmoja atafute katika chati, wengine waandike utabiri, na kila hatua tano wabadilishane. Umeme ukikatika, vipande vya maboksi bado viko sakafuni, na somo liendelee hapo lilipofikia.

Je, Scratch iachwe? La. Kwa Darasa la III na la IV, ambako kuchapa herufi bado kunachukua nguvu zote za mtoto, Scratch ndiyo ya kuanzia, mradi mwalimu ayapitie matofali yote ya Kiswahili kabla ya somo na kuamua ni maneno gani atayaeleza ubaoni. Nuru itumike na Darasa la VI na la VII kama somo la kulinganisha, watoto wakiandika programu ile ile mara mbili na kutazama kilichobadilika na kisichobadilika. Watagundua wenyewe kuwa wakati ya Kiswahili na while ya Kiingereza zinafanya kazi moja, na kwamba kufikiri hakukuwa katika neno.

Wapo watakaouliza kuhusu Eclipse, iliyotokana na kampuni ya IBM mwaka 2001, au BlueJ, ya mwaka 1999. Zote mbili ni za Java. Ya kwanza ilitengenezwa kwa wahandisi, ya pili kwa wanafunzi, na mtu akizifungua sambamba hatadhani zinahudumia lugha moja. Shule ya msingi haina haja nazo, lakini mwalimu mwanafunzi akipata nafasi azifungue zote mbili kwa saa moja. Tofauti ya meza na lugha ataielewa kuliko kwa kusoma.

Mazoezi

1. Andika jedwali la 7 kwa Scratch, kwa Python na kwa Nuru. Katika kila moja tia kosa moja kwa makusudi, kisha nakili kile ambacho mazingira hukuambia, au andika "kimya" kama hayakukuambia kitu.

2. Tengeneza chati ya makosa manane ya Python kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Darasa la V katika kijiji unachokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha atakielewa. Mpe mtoto mmoja aisome kwa sauti, na sahihisha kila sentensi aliyosita.

3. Shule yako ina kompyuta 4 za zamani zisizo na Windows 10, watoto 90 wa Darasa la IV, na umeme wa jua wa saa 2 kwa siku. Andika maandalio ya somo la dakika 80 juu ya marudio, ukionyesha ni dakika ipi mashine zitawashwa na kwa nini si kabla.